Ijumaa Tuliyochelewa Kutoka Bustanini

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa bustani ya mji wa Bujumbura tangu enzi za Wabelgiji. Kazi yake ilikuwa kumwagilia maji, kukata ua na kufukuza watu wanaokanyaga majani. Alifukuza watoto wa wazungu na alitufukuza sisi watoto wake kwa sauti ile ile. Mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana kutoka mtaani kwetu Buyenzi, ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, naye alikula amesimama ili mkubwa wake asije akasema amelala. Kwa hiyo bustani ile naijua. Najua ua ulikuwa na mwanya wapi, na najua stoo ya vyombo kule nyuma kabisa, penye majembe, mipira ya maji na magunia ya mbolea.

Watu wa siku hizi wanaiona ni mahali pa kunywa soda. Kwetu ilikuwa mahali pa kupigia picha. Siku ya Idi, tukishaswali na kula, mtaa mzima ulipanda kwa miguu, watoto wamevaa nguo mpya ambazo bado zinanuka duka, mpaka kwa mpiga picha aliyekaa mbele ya ua. Jumapili ilikuwa zamu ya Wakristo, maharusi wa Kamenge, maharusi wa Mutakura, wamama wamefunga vitambaa vya sherehe begani. Fungua sanduku la picha la nyumba yoyote ya zamani ya mji huu, ya dini yoyote, ya kabila lolote, nyuma ya watu utaona ua ule ule aliokata baba yangu. Waliokuja kuuana walikuwa wamesimama mahali pamoja wakiambiwa wacheke. Sisemi hivyo kwa kupamba. Picha ninazo.

Binti yangu wa mwisho alimpata mumewe pale pale. Kijana alikuja na kwaya yao Jumapili moja, karani wa ofisi mjini, Mkristo, Muhutu wa Kamenge. Mimi nilikataa. Kabila halikuwa sababu, kwani Buyenzi tulikuwa tumechanganyika, na kumuuliza mtu kabila lake ilikuwa adabu mbaya. Nilikataa kwa ajili ya dini. Binti akaenda hivyo hivyo. Miaka sita sikukanyaga nyumba yao. Wajukuu waliletwa kwangu siku ya Idi, niliwapa nguo, niliwauliza, "Baba yenu mzima?" Wakajibu, "Mzima." Ikaishia hapo. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima, hamchezi naye, hamli naye sinia moja. Lakini yangu haikuwa heshima, ilikuwa hasira, na yeye alilijua hilo.

Halafu vita vikaingia mjini. Mtaa mmoja ukafukuza Wahutu, mtaa mwingine ukafukuza Watutsi. Vijana wa Kitutsi walitangaza siku za mji kufa, ville morte, wakaweka mawe barabarani, na anayepita anaulizwa yeye ni nani na anatoka wapi. Sisi watu wa Buyenzi ukiulizwa ulijibu, "Mi ni Muswahili," na mara nyingi walikuacha. Si kwamba walitupenda. Hatukuwamo katika ugomvi wao, basi.

Jeshi lilipozunguka mtaa wao wa Kamenge, binti yangu alikuja kwangu na watoto wawili na godoro moja kichwani. Nikafungua mlango. Sikuuliza kitu. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, yeye alikuwa kazini. Hajui kama tumetoka." Siku tatu tulikaa bila habari. Binti hakulia, alifua. Alifua nguo safi, akazianika, akaziondoa, akazifua tena.

Ijumaa asubuhi akaja mke wa mzee aliyetunza bustani siku hizo. Mzee huyo alifundishwa kazi na baba yangu, na mke wake alikuwa akiuza karanga mlangoni pa bustani, kwa hiyo vizuizi vyote vilimzoea. Alikaa chini, akapima karanga zake kwenye kopo kana kwamba nimeziagiza, akasema bila kuninyanyulia macho:

"Mukwe wako yuko kwetu. Kwa stoo ya vyombo. Siku tatu sasa."

"Mzima?"

"Muzima. Lakini muzee anasema kesho asubuhi askari wanaleta matenti, wanapiga kambi mu bustani. Stoo wataifungua. Wakimukuta, wanatuua sisi wote."

Binti yangu alikuwa mlangoni, ameshika shati lililolowa. Aliyasikia yote. Hakuniomba. Aliniangalia tu, na mimi nikaingia chumbani kufungua sanduku la marehemu mume wangu.

Ndani mlikuwa na kanzu nyeupe na kofia ya kufuma. Wazo lenyewe halikuwa langu, watu wengi walikuwa wamelifanya. Mtu akivaa kanzu, vijana wa kizuizi walimdhani Muswahili, akapita. Lakini walishashtuka. Wiki ile ile walimkamata mmoja mwenye kofia, wakamwambia asome Alhamdu, hakujua hata mwanzo wake. Nilikuwa sokoni, niliona wanampeleka nyuma ya gereji. Kofia ilibaki barabarani mpaka jioni, watu wanaizunguka.

Nilikunja kanzu na kofia chini kikapuni, juu nikaweka kitambaa. Pale mawe yalipowekwa, mahali pa kutoka mitaa yetu kwenda mjini, walikuwa vijana saba au nane wenye fimbo na vyuma. Mmoja alinisimamisha.

"Bibi, unaenda wapi?"

"Bustanini kuchuma majani ya umubirizi. Mjukuu ana tumbo."

"Hapa mitaani hakuna?"

"Upo wa kwako? Nipe."

Wenzake walimcheka, nikapita. Mgongoni nilihisi kama wananigusa kwa vidole, na sikugeuka. Kwa kawaida mimi si mtu wa kuogopa vijana. Nimelea saba. Lakini siku ile nilihesabu hatua mpaka nikapita kona.

Stoo ilinuka mbolea na petroli. Mkwe wangu alikuwa amekaa juu ya magunia, ndevu zimeota, shati la ofisi limekuwa rangi ya udongo. Aliponiona alisimama, akainamisha uso kama anavyotakiwa mkwe.

"Mama."

"Karangamuntu yako iko wapi?" Kitambulisho kile kilikuwa na jina lake la ubatizo.

"Nimeichoma, mama."

"Vizuri. Watoto wako kwangu, na mama yao. Wazima. Vaa hii."

Alikaa tena chini, ghafla, kanzu mapajani. Nikageuka nikaangalia majembe mpaka amalize kuvaa. Halafu nikaanza kumfundisha.

Mimi shule ya serikali nilifika la tatu tu, lakini chuo cha Kurani nilikaa, na Alhamdu nilifundishwa kwa fimbo. Nilimfundisha hivyo hivyo. Aya ya kwanza, anarudia. Ya pili, anarudia zote mbili. Alitaka kuandika kwenye kiganja, karani ni karani, nikamfutisha kwa mate. Aya nne za kwanza zilimwingia haraka, ana sikio la kwaya. Ya mwisho ndiyo iliyomshinda, ile ndefu. Alikuwa akiiruka katikati.

"Mama, inatosha," alisema. "Wataniuliza mwanzo tu. Twende."

"Apana. Tena."

Mzee wa bustani alikuwa nje anajifanya ananoa panga la kukatia majani. Aliingiza kichwa. "Mama, jua linapanda. Muondoke sasa wakati njia iko na watu."

"Nimesema tena."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lile ni langu peke yangu. Niliona kosa lolote litatokea ulimini mwake, kwa hiyo nilimkaza ulimi. Simwachii mtu kazi nusu, sijawahi, na siku ile sikuona kwamba muda nao ulikuwa ni sehemu ya kazi. Nilipanga tupite saa tano, wakati wa watu wetu kuteremka kuelekea misikitini kutoka maduka na gereji za mjini. Siku ya Ijumaa saa tano barabara ni kanzu tupu. Kanzu moja zaidi nani angeiona?

Aliisoma yote bila kuruka mara tatu mfululizo. Nikasema, "Sasa twende." Na wakati ule ule, kwa mbali, nikasikia adhana ya pili.

Adhana ya pili maana yake imamu ameshakaa kwenye mimbari. Kila mwenye kanzu katika Bujumbura alikuwa ndani ya msikiti, na barabara ilikuwa tupu. Mwanamume mwenye kanzu safi atembee peke yake saa ile, hata mtoto atamuuliza kulikoni. Nilitaka tungoje wakitoka. Nikafungua mdomo kusema hivyo, tukasikia lori kwenye lango la juu, na watu wanateremsha vyuma. Askari hawakungoja kesho.

Mzee aliinuka na panga lake. Alikwenda kwenye ua, akasogeza matawi mahali pa mwanya, akatupa mgongo, akaanza kukata majani. Tukapita.

Nilimwambia mkwe atembee mbele yangu hatua tatu, asikimbie, asigeuke. Nilichuma umubirizi njiani kwenye ua wa nyumba ya watu, nikaujaza kikapuni. Kanzu ya marehemu ilikuwa fupi kwake. Vifundo vya miguu vilionekana, na viatu vya ofisi, vyeusi, vya kamba. Viatu nilikuwa sikuvifikiria. Nilimwambia avivue. Akavificha kikapuni chini ya majani, akatembea pekupeku juu ya lami yenye moto, na nikaona nyayo zake laini za mtu wa kiti.

Vijana walikuwa pale pale penye mawe. Walituona kwa mbali, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuonwa. Mmoja mrefu, mwenye ndevu zinazoanza, alisimama katikati ya barabara na chuma chake.

"We. Simama. Waswahili wote wako mu musikiti. We unatoka wapi?"

Mkwe wangu alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Nikajua akisema neno moja kwa lafudhi ya ofisi tumekwisha. Basi nikafanya jambo ambalo kwetu mwanamke hamfanyii mkwe wake hata awe amelewa. Nilimpiga kofi la mgongo, nikamtukana.

"Muulize! Muulize huyu mtu mzima anatoka wapi! Amelala mpaka saa sita, Ijumaa, watoto wake wameamka wameswali yeye anakoroma. Mimi mwanamke, mzee, ndiye namfukuzia msikitini kama mbuzi. Miaka thelathini na nne! Baba yake angekuwa hai angeona haya kuvua kofia."

"Uyu ni mutoto wako, bibi?"

"Nimemzaa mwenyewe. Ningejua ningezaa jiwe, ungelipanga hapo na mengine."

Wakacheka. Yule mrefu hakucheka. "Karangamuntu."

"Nani anakwenda kuswali na karangamuntu? Mungu hamjui mpaka aone picha?"

"Basi asome. Alhamdu."

Mkwe wangu akasoma. Alisoma macho yameelekea chini, na kila mahali nilipokuwa nimempumzisha alipumzika, na pale nilipomkaripia alitamka kwa nguvu. Ilipofika ile ndefu nilishika kikapu kwa mikono miwili. Akaimaliza.

"Anasoma sawa mutoto wa chuo," akasema mmoja kutoka kwenye mawe.

"Akili yake iliishia hapo hapo," nikasema.

Nilidhani tumepita. Yule mrefu akaweka chuma begani. "Sawa. Twende. Mi namufikisha mwenyewe. Nataka nione anaingia."

Akatembea kati yetu mpaka msikitini, mitaa mitatu. Msikiti wenyewe sitautaja. Katika njia yote ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani, na jambo hilo ni udhu. Aya saba alizijua. Kunawa sikumfundisha. Mtu akiingia msikitini lazima anawe, na kuna utaratibu: mikono, mdomo, pua, uso, mkono wa kulia kwanza, na kuendelea. Mabomba ya maji yalikuwa uani, yanaonekana wazi kutoka langoni, na yule kijana alisimama langoni pale, miguu wazi, anaangalia.

Mimi sikuweza kuingia na wanaume. Nilibaki nje na kikapu changu. Mkwe wangu alikwenda peke yake, akainama kwenye bomba la kwanza, akafungua, akaanza kunawa miguu.

Miguu ni ya mwisho. Hata mtoto wa miaka mitano anajua ni ya mwisho. Nikamtazama kijana. Bado hakuwa ameelewa, lakini alikunja uso.

Katika bomba la nne alikuwapo fundi wa magari wa mtaa wetu, mzee mwenye tumbo, naye kachelewa, mikono imejaa grisi. Ananijua miaka mingi. Alijua binti yangu ameolewa na nani, mtaa mzima ulijua, walishanisema vya kutosha. Aliinua kichwa, akamwona mkwe, akaniona mimi langoni, akamwona aliye ubavuni kwangu na chuma.

"We kijana," alisema kwa sauti ya kuchoka, "nakwambia kila wiki robine ile aitoi maji muzuri. Miguu imejaa udongo, ni sawa, lakini njoo uanze huku. Songa. Songa karibu yangu, imamu hatungoji."

Mkwe akasogea. Yule mzee akageuza tumbo lake kubwa, wakawa wametupa migongo, na nikaona viwiko vyake vinakwenda polepole. Vya mkwe wangu vinafuata. Polepole mno, kama mtu anayemwosha mtoto. Halafu wakaingia ndani wamefuatana.

Kijana hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, mimi nikakaa chini ukutani.

"Bibi, unatetemeka."

"Malaria."

"Kunywa dawa yako hiyo." Alionyesha umubirizi.

"Ni ya mtoto."

Khutba ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizosikia maishani mwangu. Halafu swala ikaanza, na kila waliposema Allahu Akbar nilimwona kwa akili yangu: sasa anainama, sasa anasujudu, sasa amechelewa kuinuka, watu wanamtazama. Nilikuwa nikingoja kelele. Niliomba, lakini sikujua niombe vipi, kwa sababu nilikuwa nimempeleka mtu asiyeamini asimame katika safu, kwa uwongo wangu, na nilikuwa namwomba mwenye nyumba asitutoe. Niliomba hivyo hivyo. Nikakiona kiatu kimoja cheusi kimejitokeza kwenye majani ya kikapu, na kijana yuko hatua nne kutoka kwangu. Nikakifunika kwa mkono, sikuuondoa.

Swala ikaisha. Wakatoka kama wanavyotoka, kwa wingi, mlango mzima mweupe, mia na zaidi. Kijana akasimama, akanyoosha shingo. Mimi nilimwona: alikuwa katikati ya wanaume watano wa mtaa wetu, fundi amemshika mkono kama wanavyoshikana marafiki, anamweleza habari ya gari la mtu ambaye hakumlipa, na wengine wanadakia. Walipita mbele yetu karibu hivi. Hakunitazama. Vifundo vya miguu vilionekana chini ya kanzu, na nilijiuliza vipi kijana yule havioni. Lakini vifundo vilikuwa vingi.

"Bibi, mutoto wako yuko wapi?"

"Amekwenda kula. Hata kuniaga hakuniaga."

Sasa ndipo alipocheka. Akapiga chuma chake kwenye nguzo mara moja, akarudi kwa wenzake. Nilijaribu kusimama, nikashindwa. Mwanamke mmoja muuza vitumbua alinivuta mkono, nikainuka na kikapu changu.

Nilipofika nyumbani, mkwe alikuwa chumba cha nyuma, watoto wote wawili juu yake. Binti alikuwa amepakua wali na maharage. Nilipoingia, mkwe aliweka kijiko chini, kwa sababu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Alikuwa hajala chakula cha moto siku tatu. Nikageuka, nikaenda kukaa kwa jirani mpaka amalize. Pale kwa jirani kila aliyepita kwenye uchochoro nilimsikia ana chuma.

Yule mrefu hakuja siku ile. Mkwe wangu alikaa kwetu miezi kumi na moja. Hakusilimu, na mimi sikumwambia asilimu. Nilimfundisha udhu, hatua kwa hatua, kwenye beseni uani, na kila Ijumaa alipita saa tano pamoja na fundi. Jambo hilo sikuwahi kumuuliza shehe yeyote. Nimejibebea mwenyewe.

Wiki ya pili ya kukaa kwake waligonga vijana wengine wawili, mchana, wakiulizia nyumba zenye wageni kutoka Kamenge. Nilikuwa jikoni, na mikono ya unga. Nilipofika ukumbini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mkwe wangu amesimama pale na kofia ya marehemu kichwani, anawaambia kwa Kiswahili cha Buyenzi wavue viatu kwanza, mama yake hapendi uchafu.